Mchakato Unaendelea Tangu 1981

Nina mazoea ya kusoma ripoti za serikali nikiwa na penseli mkononi. Penye kitenzi kilichokamilika, kama "imefuta", "imetunga" au "ililipa", napiga mstari. Penye "inaendelea", "iko mbioni", "inakusudia" au "itahakikisha", nachora duara. Nikifika ukurasa wa mwisho nahesabu. Ni kipimo cha kienyeji, hakuna chuo kinachokifundisha. Lakini kwa ripoti ambazo nchi hupeleka Umoja wa Mataifa kueleza zinavyoutekeleza Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, yaani CEDAW, penseli hunisaidia kuliko jedwali lolote. Kwenye sura za uandikishaji shuleni na vikundi vya mikopo mistari hujaa. Ukifika kwenye ndoa, urithi, ardhi na vipigo vya nyumbani, ukurasa unajaa matundu kama chandarua.

Neno linaloongoza kwa maduara ni "mchakato". Mchakato wa kurekebisha sheria unaendelea. Mchakato wa kukusanya maoni ya wadau unaendelea. Tumeuzoea msemo huu kiasi kwamba hatuusikii tena, na waandishi wa ripoti wanalijua hilo. Kwa lugha ya kawaida maana yake ni kwamba jambo halijafanyika, na mwenye kuuliza lini atakuwa amekosa adabu.

Sasa, Mkataba wenyewe umeshasema lini. Ibara ya 2, ambayo ndiyo uti wa mgongo wake, inazitaka nchi wanachama zifuate sera ya kuondoa ubaguzi kwa njia zote zinazofaa na bila kuchelewa. Mwaka 2010 Kamati inayosimamia Mkataba ilitoa Pendekezo la Jumla Namba 28 kueleza maana ya maneno hayo mawili: wajibu unaanza mara moja, na ucheleweshaji hauwezi kutetewa kwa sababu yoyote, iwe ya kisiasa, ya kijamii, ya kitamaduni, ya kidini au ya uhaba wa fedha. Kwa hiyo nchi inapoandika kwamba mchakato unaendelea, kisheria inakiri kosa. Ajabu ni kwamba kwa miaka zaidi ya 40 kukiri huko kumepokelewa kama maelezo ya maendeleo.

Mtambo wenyewe unaelezeka kwa haraka. Mkataba ulipitishwa na Baraza Kuu tarehe 18 Desemba 1979 ukaanza kutumika tarehe 3 Septemba 1981. Leo nchi 189 ni wanachama. Marekani ilitia saini mwaka 1980 na haijaridhia mpaka leo, jambo linaloiweka benchi moja na Iran na Somalia. Ibara ya 18 inaitaka kila nchi ipeleke ripoti ya kwanza ndani ya mwaka mmoja, na baada ya hapo angalau kila baada ya miaka minne. Ripoti inasomwa na wataalamu 23 wanaochaguliwa na nchi zenyewe na wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Wanakutana Geneva. Ujumbe wa nchi, ambao kwa kawaida huongozwa na waziri au ofisa wa ngazi ya juu, unahojiwa kwa vikao viwili vya saa tatu tatu. Kisha Kamati inatoa mahitimisho yake kwa maandishi, nchi inarudi nyumbani, na saa inaanza kuhesabu tena.

Saa sita kwa miaka minne. Na tangu mwaka 2014 ripoti ya kawaida haitakiwi kuzidi maneno 21,200, kwa sababu tafsiri ni ghali na Umoja wa Mataifa hauna fedha. Kwenye nafasi hiyo nchi inatakiwa ieleze sheria za ndoa, huduma za uzazi, mishahara, bunge, biashara ya binadamu, wanawake wa vijijini na mengine yote. Ofisa mwenye ujuzi wa kazi hii anajua namna ya kuyatumia maneno 21,200 bila kusema neno.

Tena hapo ni pale ripoti inapofika kwa wakati. Nyingi hazifiki. Zikichelewa sana huunganishwa: ya nne na ya tano pamoja, au tatu kwa mkupuo, kama mwanafunzi aliyekwepa mitihani miwili akaruhusiwa kufanya wa tatu kwa niaba ya yote. Faini hakuna. Kamati imewahi kuijadili nchi bila ripoti, kama ilivyoifanyia Dominica mwaka 2009, ila hiyo ni silaha inayotolewa kabatini kwa nadra.

Kisa kimoja kinaonyesha kinachopotea kati ya ripoti na ripoti, nami nitakaa nacho kidogo.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Tanzania, wanaotambulika kwenye nyaraka za Kamati kwa herufi E.S. na S.C., walifiwa na waume zao, kisha ndugu wa marehemu wakawatoa kwenye nyumba pamoja na watoto wao. Sheria iliyotumika ni Amri ya Tamko la Sheria za Mila ya mwaka 1963, ambayo kwa ufupi inasema mjane hana fungu kwenye urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto, kama yeye alivyowatunza. Kwa sikio la haraka kanuni hiyo ina utu ndani yake. Ukiitazama tena unaona kwamba mwanamke mwenye watoto wadogo anaambiwa asubiri wakue ndipo wamtunze, na wakati huo hana paa.

Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zile ni za kibaguzi. Haikupepesa macho juu ya hilo. Ila ikakataa kuzifuta, ikieleza kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la jaji, na kwamba ukiigusa hii utakuwa umefungulia mlango mila za makabila mengine yote 120 na zaidi. Wakakata rufaa. Rufaa ikakaa miaka minne. Desemba 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa bila kugusa hoja hata moja, kwa sababu hati ya amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na tarehe iliyokosewa. Hati ya namna hiyo huandaliwa mahakamani. Wajane hawakuiandika wao.

Turudi kwenye ripoti sasa. Mwaka 2008, rufaa ile ikiwa kwenye foleni, Tanzania ilifika mbele ya Kamati na ripoti tatu kwa mkupuo: ya nne, ya tano na ya sita. Jalada la E.S. na S.C. lilikuwa na umri wa miaka mitatu wakati huo. Lingeweza kabisa kuwa mfano hai wa yale yaliyokuwa yakijadiliwa chumbani, lakini mfumo wa ripoti haukuundwa kuona jalada. Umeundwa kuona sheria, sera na mpango kazi. Ndiyo maana kesi ilibidi iende Geneva kwa mlango mwingine, ule wa Itifaki ya Hiari ya mwaka 1999 inayomruhusu mtu binafsi kulalamika baada ya kumaliza njia za nyumbani. Machi 2015 Kamati ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba, ikataka wajane walipwe fidia na sheria za mila zibadilishwe. Siku hiyo kanuni iliyolalamikiwa ilikuwa na miaka 52.

Msomaji asidhani huu ni ugonjwa wa nchi zenye sheria za mila. Hungary mwaka 2002 ilijadiliwa na Kamati, na wataalamu wakaeleza wasiwasi wao juu ya ukatili wa majumbani na ukosefu wa sheria ya kuwalinda wanawake. Mwaka uliofuata mwanamke anayeitwa A.T. kwenye nyaraka alipeleka malalamiko. Alikuwa anapigwa kwa miaka mingi na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Sheria ya Hungary wakati ule haikuwa na amri ya zuio ambayo mahakama ingeweza kumpa mwanamume huyo asimsogelee. Akatafuta nyumba salama. Zilikuwepo, na bila shaka ziliandikika kwenye ripoti. Hakuna iliyoweza kumpokea, kwa sababu mmoja wa watoto wake alikuwa na ulemavu mkubwa na hakuna nyumba iliyokuwa na vifaa vya kumhudumia mtoto wa aina hiyo pamoja na mama na dada yake. Kamati ilipomwamulia mwaka 2005 ilijinukuu yenyewe: tulishasema mwaka 2002.

Hapo ndipo penye shida ya takwimu zetu. Nchi inaulizwa kama ina nyumba salama, inajibu ndiyo, inataja idadi. Hakuna anayeuliza ni wanawake wangapi walirudishwa mlangoni na kwa sababu gani. Tunahesabu kilichojengwa kwa kuwa kinahesabika, na kina mkandarasi, risiti na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Aliyerudishwa mlangoni hana risiti.

Kamati iliona tatizo hili mapema. Mwaka 1989 ilitoa Pendekezo la Jumla Namba 9, fupi kuliko makala haya, ikizitaka nchi zikusanye takwimu zilizotenganishwa kijinsia. Nchi nyingi zimeitikia, na si haki kulibeza hilo. Leo tunajua mambo mengi ambayo kizazi kilichopita hakikuyajua. Lakini kutenganisha wanawake na wanaume kwenye jedwali ni hatua ya kwanza tu. Mimi ningetaka kuona safari. Wangapi walifika kituo cha polisi, wangapi waliandikiwa jalada, majalada mangapi yalifika kwa mwendesha mashtaka, mangapi yalifika mahakamani, mangapi yalihukumiwa, na kila kituo kilichukua muda gani. Ufilipino kulikuwa na kesi ya ubakaji iliyokaa miaka minane kwenye mahakama ya kwanza kabla ya hukumu, na hukumu yenyewe, ya mwaka 2005, ikamwachia mshtakiwa kwa hoja zilizojengwa juu ya dhana ya namna mwanamke aliyebakwa "anavyopaswa" kujihami na kukimbia. Kamati iliikosoa vikali mwaka 2010. Kwenye jedwali la takwimu kesi ile ingehesabiwa kuwa imesikilizwa na kumalizika. Kura moja ya ndiyo.

Brazil nayo ilikuwa na sera nzuri ya afya ya uzazi kwenye karatasi. Novemba 2002 mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, mjamzito wa miezi sita, alifika kwenye kituo cha afya akiwa anatapika na kuumwa tumbo. Mtoto alifia tumboni. Upasuaji ulichelewa kwa saa nyingi. Hali ilipozidi akahitaji kuhamishiwa hospitali kubwa, akasubiri usafiri kwa takriban saa nane. Alipofika, rekodi zake hazikufika naye, na akalazwa kwenye eneo la dharura lililotengwa kwenye ukumbi wa kupitia watu. Alikaa hapo saa 21, akafa. Serikali ilijitetea kwamba kituo cha kwanza kilikuwa cha binafsi. Mwaka 2011 Kamati ikajibu kwamba nchi haiwezi kukodisha huduma na kukodisha wajibu pamoja nayo: inatakiwa ivisimamie vituo vya binafsi. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa chombo cha kimataifa cha haki za binadamu kuhusu kifo cha mama mjamzito, na ukitaka kujua ufuatiliaji ulio makini unafananaje, soma namna Kamati ilivyohesabu saa ndani yake.

Naona mtu ananyanyua mkono: hizo ni kesi chache zilizobahatika, nani ataziona kesi nyingine, mamia ya maelfu? Jibu ni ripoti kivuli. Wakati serikali inapeleka yake, asasi za kiraia hupeleka zao, na kila mtaalamu aliyekaa kwenye Kamati anajua kwamba maswali makali zaidi ya zile saa sita huzaliwa kwenye kurasa hizo. Asasi hupewa pia muda mfupi wa kuzungumza na wataalamu kabla ya ujumbe wa nchi kuingia. Nimewahi kusaidia kuhariri ripoti ya namna hiyo, na sitaificha kazi ilivyokuwa: mwanasheria mmoja anayejitolea, wasaidizi wawili wa kisheria waliokuja na madaftari yao ya kesi, na mabishano ya usiku kucha kuhusu nini kikatwe. Kilichokatwa kwanza ni simulizi. Kilichobaki ni aya zinazofanana sana na za serikali, ila zenye hasira. Ninajuta mpaka leo. Daftari la msaidizi wa kisheria, lenye tarehe ya kila mara mteja alipoambiwa "njoo wiki ijayo", lilikuwa ushahidi bora kuliko sentensi zetu zote zilizonyooshwa.

Na wapo wanaolipa gharama kubwa kuliko kukosa usingizi. Vitisho dhidi ya watu wanaopeleka taarifa kwa kamati hizi vimekuwepo kiasi kwamba mwaka 2015 wenyeviti wa kamati za mikataba ya haki za binadamu walikubaliana juu ya miongozo maalumu, ile ya San José, ya kushughulikia kisasi cha namna hiyo. Serikali haikutishi kwa kuandika kitu kisicho na uzito.

Hilo linanileta kwenye lawama inayorudiwa kila mara, kwamba Kamati haina meno. Ni kweli haina polisi. Lakini angalia Uhispania. Mama mmoja alimlalamikia aliyekuwa mume wake zaidi ya mara 30, akiomba asiachwe na binti yao bila uangalizi. Hakusikilizwa. Mwaka 2003, kwenye mojawapo ya ziara zile, baba alimuua mtoto, mwenye umri wa miaka saba, kisha akajiua. Mahakama za Uhispania zilimfungia mama milango yote. Kamati ilimpa haki mwaka 2014 na serikali ikakaa kimya kuhusu fidia, kwa hoja ileile kwamba maoni ya Kamati si hukumu. Akarudi mahakamani, na Julai 2018 Mahakama ya Juu ya Uhispania ikasema: nchi iliridhia Mkataba, ikaridhia Itifaki, katiba inaheshimu mikataba, basi maoni haya yanaibana serikali. Euro 600,000. Meno yalitoka kwenye katiba ya Uhispania yenyewe.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kamati ilifanya uchunguzi kuhusu sheria za utoaji mimba za Ireland ya Kaskazini na mwaka 2018 ikatangaza kwamba kuna ukiukaji mkubwa na wa kimfumo. Wangeweza kuisahau taarifa hiyo kabatini. Mwaka 2019 Bunge la London likatunga sheria inayomwagiza waziri ahakikishe mapendekezo ya aya ya 85 na ya 86 ya taarifa ile yanatekelezwa, na vifungu vya jinai vya mwaka 1861 vikaacha kutumika huko. Uwe na msimamo wowote unaoutaka juu ya suala lenyewe, kama mbinu ya kisheria ni ya kusisimua: bunge limechukua namba za aya kutoka Geneva na kuzibandika kwenye sheria ya nchi. Afrika nayo ina mahakama yake. Mei 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliiambia Mali kwamba sheria yake ya familia, kwenye umri wa ndoa na urithi, inakiuka Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ile ya haki za wanawake Afrika, na ikaagiza irekebishwe.

Kama bado una shaka kwamba ufuatiliaji unauma, muulize aliyekimbia. Uturuki ilikuwa ya kwanza kuridhia Mkataba wa Istanbul wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mwaka 2012, na Machi 2021 ikatangaza kujitoa kwa amri ya rais, kuanzia Julai mwaka huohuo. Mkataba ule una kikundi chake cha wataalamu kinachotembelea nchi na kukagua hadi vituo vya polisi. Karatasi isiyouma haina haja ya kukimbiwa usiku.

Nchi nyingine hazikimbii, huingia zikiwa zimeacha mguu mmoja nje. Zinaridhia Mkataba huku zikiziweka kando baadhi ya ibara, hasa ya 2 na ya 16, ile ya ndoa na familia. Ibara ya 28 inakataza masharti ya namna hiyo yakipingana na lengo la Mkataba, lakini mwamuzi hakuna. Nchi nyingine hupeleka barua za kupinga na mambo yanaishia hapo. Inachekesha kidogo kwamba walioogopa usawa hawakuwa wa upande mmoja wa dunia. Lesotho ililinda kiti cha mfalme na uchifu, Uhispania ikalinda taji lake. Masharti haya huondoka, tena wakati mwingine bila kelele: Malawi iliondoa lake la mila mwaka 1991, Misri ikaondoa la uraia wa watoto mwaka 2008, Tunisia ikafuata mwaka 2014. Kila mara alikuwepo mtu nyumbani aliyekuwa analiulizia kila mwaka, bila kuchoka.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kibadilike, sianzi na Geneva. Kamati imeshajitahidi: tangu mwaka 2008 inachagua mapendekezo machache kwa kila nchi na kutaka majibu ndani ya mwaka mmoja au miwili, badala ya kusubiri minne. Imeyakumbusha mabunge mwaka 2010 kwamba yana sehemu yao. Kila mahitimisho yana aya inayoitaka serikali iyasambaze kwa lugha rasmi za nchi hadi ngazi za chini. Nakuomba ujaribu: nenda kwa diwani yeyote, au hakimu wa mahakama ya mwanzo, umuulize kama ameyaona. Kazi hiyo ya tafsiri, ambayo haihitaji mfadhili wala kongamano, ndiyo inayoachwa kila mara. Mapendekezo hubaki kwenye Kiingereza au Kifaransa cha kiofisi, yakisomwa na watu walewale watakaoandika ripoti ijayo.

Bunge ndilo lingeniridhisha zaidi. Waziri aliyekwenda Geneva akirudi asimame bungeni, mahitimisho yakiwa mezani, aeleze kila pendekezo liko wizara gani na limetengewa fungu gani kwenye bajeti. Wabunge wetu hodari wa kuhoji barabara wangeweza kuhoji hili kwa ustadi uleule: ilianza lini, itakwisha lini, nani mkandarasi. Hakuna mbunge anayekubali jibu la "mchakato unaendelea" kwa daraja lililokatika jimboni kwake.

Na penseli yangu ningeikabidhi kwa mtu mmoja katika kila nchi, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria au mstaafu mwenye muda. Aweke ripoti mpya na ile ya awali sambamba mezani, atafute aya za urithi na ndoa, aone kama duara limegeuka mstari. Wakati mwingine atakuta aya imenakiliwa neno kwa neno, na kilichobadilika ni jina la waziri. Akikuta hivyo asiandike uchambuzi mrefu kama huu wangu. Aandike tarehe mbili pembeni: siku mchakato ulipotajwa mara ya kwanza na siku ya leo. Wajane wale wawili walipoteza rufaa kwa tarehe moja iliyokosewa kwenye hati ambayo hawakuiandika. Ripoti za nchi zinapokelewa bila tarehe kabisa.